Thamani ya Taa

Msomaji, nchi iliyo karibu na ikweta haina machweo marefu. Katika milima ya Kilungu, Kaunti ya Makueni, jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima, na baada ya nusu saa humtambui mtu kwa uso, ila kwa sauti yake. Giza huanza mabondeni, hupanda matuta ya mashamba moja baada ya jingine kama mtu apandaye ngazi, na mwisho hufunika miamba ya vileleni. Wakati huo mtu wa Kilungu hufanya ununuzi ambao hauhesabu. Hununua saa tatu au nne za mwanga, na kesho hununua nyingine, na hivyo mpaka kufa kwake. Akinunua mbuzi humpapasa mgongo. Akinunua maharagwe huyatafuna moja mawili. Lakini akinunua taa huuliza bei tu, akalipa, akaondoka. Hasara ya desturi hiyo nimeiona nyumbani kwa mama yangu mzazi, na kwa kuwa hata wewe utanunua taa nyingi kabla ya uzee wako, nataka tulizungumze jambo hili.

Sisi tuliozaliwa kabla ya umeme kufika kijijini tulisoma kwa koroboi. Koroboi ni kopo dogo la bati lenye utambi wa kitambaa na mafuta ya taa. Mwanga wake haukufikia hata ule wa mshumaa mzuri, na mshumaa mmoja, kwa kipimo cha wataalamu, hutoa lumeni 12 hivi. Lumeni ndicho kipimo cha wingi wa mwanga; nakuomba ulishike neno hilo, maana tutalihitaji mbele. Asubuhi tulipopenga kamasi, leso ilikuwa nyeusi kwa masizi. Waliojaliwa walikuwa na fanusi yenye chemni, na ilikuwa kazi ya mtoto, mwenye mkono mdogo upitao mdomoni mwa chemni, kuisafisha kila alasiri. Chemni ikivunjika, mtoto naye hakulala vizuri. Karabai niliiona kanisani na katika harusi tu.

Umeme wenyewe haukuwa mgeni katika Kenya. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alinunua mtambo uliokuwa mali ya Sultani wa Unguja, na kampuni ya umeme ya Mombasa ikaanzishwa. Mwaka huo huo Nairobi nayo ilianza kupata ya kwake, na mwaka 1922 hizo mbili ziliunganishwa. Lakini kutoka bandarini mpaka kijiji chetu, safari ambayo lori huimaliza kwa siku moja, umeme uliitembea kwa karibu miaka 100. Nyumba nyingi za kawaida zilingoja mpaka baada ya mwaka 2015, serikali ilipopunguza ada ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Wengine walikuwa wamekwisha kujitegemea kwa jua, kwa maana mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza mitambo midogo kwa malipo ya kidogo kidogo kwa simu. Na mwaka 2018 mafuta ya taa yalipoongezwa ushuru, hata walioipenda koroboi kwa mazoea waliiweka kando.

Basi taa za umeme zikaja, na pamoja nazo likaja neno wati, ambalo limewapotosha watu wengi. Wati haipimi mwanga. Hupima umeme unaoliwa. Globu ya zamani, yenye uzi mwembamba wa madini uwakao ndani ya kioo, hula wati 60 ikatoa lumeni kama 700, na zaidi ya sehemu tisa katika kumi za chakula chake hugeuka joto. Globu ya LED hula wati 9 ikatoa lumeni 800. Tuseme taa huwaka saa 5 kila usiku, na tuseme uniti moja ya umeme ni shilingi 25. Ile ya zamani hutumia uniti 9 kwa mwezi, yaani shilingi 225. Ya LED hutumia uniti 1.35, ambazo hazifiki shilingi 34. Hakuna kichwa kigumu kiasi cha kuikataa hesabu hiyo. Katikati yake zilipita zile globu zilizopindwa kama utumbo. Mwaka 2010 zaidi ya milioni moja ziligawiwa bure nchini Kenya ili watu wasalimishe za zamani. Zilikuwa na zebaki ndani, hazikupenda kuwashwa na kuzimwa mara kwa mara, nami sikuzililia zilipotoweka.

Ikiwa mwanga ungekuwa na wingi tu, insha hii ingekoma hapa. Lakini sasa nikueleze habari za mama.

Umri wake umepita miaka 70, na tangu usichana wake husuka viondo vya katani, kama wasukavyo wanawake wengi wa Ukambani. Mchana yuko shambani. Kiondo ni kazi ya usiku, naye hukisuka bila kuitazama mikono yake, isipokuwa anapobadili rangi. Kwa fedha za viondo alinilipia karo ya kidato cha tatu na cha nne, kwa hiyo simpendi mtu asemaye ya kuwa hiyo ni kazi ya kupitishia wakati. Mwaka jana mnunuzi mmoja alimwagiza viondo 14 vyenye mistari ya damu ya mzee na kahawia. Alivirudisha 9. Katika hivyo, mstari ulianza damu ya mzee ukamalizikia kahawia, na kimoja kilikuwa na buluu iliyokolea mahali pa nyeusi. Mama alivipeleka mlangoni juani, akaona kosa mara moja, akanyamaza. Jioni aliniambia, "Mwanangu, macho yamekwisha. Tafuta mtu umpe katani hii iliyobaki." Alisema kama mtu asemaye habari za mvua; lakini usiku ule hakugusa kiondo, na jambo hilo sikupata kuliona tangu utoto wangu ila siku za matanga.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho. Daktari alisema mtoto wa jicho ameanza, lakini bado ni mdogo wa kungojewa. Alisema pia ya kuwa jicho la mzee, hata likiwa zima, hupitisha mwanga mchache kuliko la kijana, kwa sababu mboni haipanuki tena kama zamani, na lenzi iliyo ndani hugeuka manjano polepole. Kisha akauliza, "Hufanya kazi kwa taa gani?"

Taa ilikuwa LED iliyonunuliwa kwa shilingi 100, na boksi lake halikuwa na habari yoyote ila wati 9 na jina la kampuni ambalo sijaliona tena mahali pengine. Ilining'inia darini, mita 3 juu ya sakafu, ikitoa weupe wa kibuluu kama maziwa yaliyotiwa maji. Mpita njia angeisifu kwa ukali wake. Niliketi chini yake na mafundo mawili ya katani, la damu ya mzee na la kahawia, nikayageuza huku na huku. Na mimi, mwenye macho mazima, sikuweza kusema lipi ni lipi.

Sababu yake inafaa kuelezwa. Uzi mwekundu hauna wekundu wa kutoa mfukoni mwake. Hurudisha tu wekundu ulioletwa na taa. Jua huleta rangi zote, kwa hiyo kila uzi hupata haki yake. LED haifanyi hivyo. Kwa miaka mingi wataalamu waliweza kutengeneza LED nyekundu na ya kijani, lakini ya buluu yenye nguvu iliwashinda, na bila buluu hapana nyeupe. Wazaliwa watatu wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliipata, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Nyeupe yetu ya leo, basi, kwa asili ni buluu iliyofunikwa unga wa manjano. Rangi hizo mbili pamoja hulihadaa jicho likaona nyeupe, lakini wekundu ndani yake ni haba. Mtengenezaji mwema huongeza unga mwingine wa kuleta wekundu. Unga huo una gharama, tena hupunguza lumeni kidogo. Mtengenezaji wa boksi bubu hauongezi.

Kipo kipimo cha uaminifu wa taa kwa rangi, nacho huandikwa Ra au CRI. Mwisho wake ni 100, na globu ya zamani ya uzi, pamoja na ulafi wake wote, ilikaribia 100 kamili. LED njema za kawaida ni 80, na za kuchagua ni 90 na zaidi. Lakini hata hapo uwe macho, kwa maana Ra ni wastani wa rangi 8 zisizokolea, na wekundu uliokolea haumo. Huo hupimwa peke yake kwa jina la R9, na taa yaweza kujivunia Ra 80 huku R9 yake ikikaribia sifuri. Tena usichanganye uaminifu huo na rangi ya mwanga wenyewe, ambayo hupimwa kwa kelvini: mshumaa ni 1,900 hivi, globu ya uzi 2,700, na mchana wa jua kali 5,500 na zaidi. Watu wa kwetu hudhani ya kuwa weupe mwingi ndio mwanga mwingi, na wenye maduka hawawasahihishi. Taa ya kelvini 6,500 yaweza kuwa haba, na ya 2,700 ikawa tele.

Mdogo wangu, aishiye Nairobi, aliposikia habari hizi alileta dawa yake mwenyewe: globu ile iitwayo erevu, iamrishwayo kwa simu. Nadhani umepata kuziona. Zilianza kujulikana sana mwaka 2012, Philips ilipotoa zake ziitwazo Hue, na leo kampuni nyingi huzitengeneza. Yeye alilipa shilingi 1,800. Lazima niipe haki yake: ni kitu cha ajabu. Kwa kidole kimoja juu ya kioo cha simu tuliigeuza kutoka 2,700 mpaka 6,500, tukaipunguza ikawa kama kaa la moto, tukaifanya nyekundu, samawati na zambarau. Watoto wa jirani walijaa mlangoni wakipiga kelele, "Susu, igeuzeni tena!" maana hivyo ndivyo Wakamba wamwitavyo bibi. Nilipoijaribu kwa mafundo ya katani katika kelvini 4,000, zile rangi mbili zilitengana. Si sana, lakini zilitengana. Boksi liliandikwa Ra 80. Tulipoifanya ya rangi, mwanga ulipungua mno, kwa sababu vijitaa vyeupe vilivyo ndani huzimwa, vikabaki vile vya rangi peke yake.

Mama alitazama mchezo wote kwa utulivu, kisha akauliza, "Simu hiyo ni ya nani?"

"Ni yangu, mama," alijibu mdogo wangu.

"Na utakaporudi Nairobi, nitamwomba nani mwanga?"

Mdogo wangu alicheka, akamweleza ya kuwa globu hiyo huweza pia kuwashwa na kuzimwa kwa swichi ya ukutani.

"Basi ni taa kama nyingine," alisema mama. Hakusema kwa dharau. Simu yake ni ya vibonye, na nyumbani hapana waifai, kwa hiyo kwake yeye lile neno lilikuwa kweli tupu: shilingi 1,800 za uerevu, na uerevu wenyewe umepanda matatu kurudi mjini.

Usiku wa pili umeme ulikatika, jambo ambalo halimshangazi mtu milimani. Uliporudi, saa saba za usiku, globu iliwaka yenyewe kwa nguvu zake zote, maana ndivyo ilivyopangwa na waliyoitengeneza. Swichi ilikuwa haijazimwa, kwa kuwa globu ya namna hiyo haisikii amri ya simu isipoachiwa umeme usiku na mchana. Mama aliamka akidhani kumekucha, na jogoo naye akaungana naye katika dhana hiyo. Kule kungoja amri nako hula umeme. Katika nyingine hufikia nusu wati, ambayo kwa mwezi ni kama uniti 0.3. Si fedha nyingi. Lakini ukiilinganisha na uniti 1.35 za taa ya LED iwakayo saa 5, utaona ya kuwa kwa kila mafungu matano ya umeme uangazao, fungu moja zaidi hulipwa kwa ajili ya kusubiri tu.

Hata hivyo sisemi ya kuwa globu hiyo haina thamani. Ng'ambo ya bonde letu yuko mzee ambaye miguu ilimkataa baada ya kupooza. Mwanawe ana simu nzuri na mtandao nyumbani, akamwekea globu mbili za namna hiyo, na mzee huwasha na kuzima kitandani bila kumwamsha mkewe. Zamani alikuwa hanywi maji jioni, kwa kuogopa kumsumbua mkewe usiku wa manane. Mtu huyo ukimwambia shilingi 1,800 ni nyingi atakuona mpumbavu. Globu ya mdogo wangu ilikwenda huko, ikawa ya tatu.

Mimi nilitafuta taa nyingine. Katika duka moja la vifaa vya umeme mjini nilipata LED ya wati 10, lumeni 800, kelvini 4,000, na Ra 95, kwa shilingi 650. Tazama wati zake: kwa mwanga ule ule imekula zaidi ya ile ya shilingi 100, kwa ajili ya ule unga wa kuleta wekundu. Nilinunua pia waya na holda, kisha fundi akaishusha taa kutoka darini. Mama aketipo kwenye kigoda, mikono yake ilikuwa mita 2.5 chini ya taa. Sasa ikawa mita 1.25. Katika fizikia umefundishwa, au utafundishwa, ya kuwa umbali ukipunguzwa nusu, mwanga ufikao mahali pale huwa mara nne. Kwa waya wa shilingi chache tulipata faida ya globu nne. Ndiyo siri iliyotuwezesha kusoma kwa koroboi: ilikuwa maskini wa mwanga, lakini ilikaa sentimita 20 kutoka kitabuni, na ukipiga hesabu utastaajabu kuona ya kuwa ukurasa ule haukuachwa nyuma sana na ukurasa ulio chini ya globu ya dari. Masizi, hata hivyo, siyatamani.

Jioni ile mama hakusema neno juu ya taa. Alitoa mafundo yake yote kapuni, akayatandaza mkekani, akaanza kuyapanga upya, na akakuta matatu yaliyokuwa yamekaa na jamaa zisizo zao. Usiku uliofuata alivichukua vile viondo 9, akavifumua kutoka mdomoni mpaka penye kosa. Sita vilifumuka vizuri akavisuka tena, na mnunuzi akavipokea. Vitatu katani ilikatika. Aliviuza sokoni Nunguni kwa bei ya vikapu vya kubebea mboga, akaudhika kwa wiki nzima. Buluu iliyokolea na nyeusi bado humsumbua, kwa sababu ya umanjano wa lenzi yake, na hilo haliondolewi na taa yoyote. Kwa hizo mbili amefanya hila yake mwenyewe: mchana, penye jua, hufunga kipande cha uzi mweupe kwenye kila fundo la buluu, na usiku vidole vyake humwambia.

Ukienda kununua taa ya chumba utakachosomea au utakachofanyia kazi ya mikono, tia mfukoni nyuzi mbili, moja ya damu ya mzee na moja ya kahawia. Soma boksi kwanza. Lisiloandika lumeni wala Ra lirudishe rafuni. Kisha mwombe muuzaji aiwashe, uzitazame nyuzi chini yake. Mwishoni ielekeze kamera ya simu kwenye taa: ukiona mistari myeusi ikitembea juu ya kioo cha simu, taa hiyo hupepesa upesi kuliko jicho liwezavyo kuona, na wako ambao kichwa huwauma wakisoma kwa mwanga wa namna hiyo. Mwenye duka mmoja wa Nunguni alinicheka sana mara ya kwanza nilipozitoa nyuzi zangu. Siku hizi amefunga kipande cha katani ya damu ya mzee kando ya holda yake ya kujaribia globu, na wateja humwuliza ni cha nini.